Deni la Hajjati na Deni la Nchi

  



Maneno haya niliyasema kwanza katika darsa letu la baada ya Maghrib, kisha mhariri akaniomba niyaandike. Yamekuwa marefu kidogo kuliko siku ile, kwa sababu siku ile adhana ya Isha ilinikatiza kabla sijafika kwenye sehemu inayonihusu mimi mwenyewe, na huenda baadhi yenu mlidhani nimeikwepa. Kweli nilikuwa nimeikwepa. Leo naanza nayo.

Ramadhani ya mwaka 2024 nilikuwa mweka hazina wa kamati ya futari ya jumuiya yetu. Mfadhili mmoja alituahidi kugharimia mwezi mzima. Katika makumi mawili ya mwanzo fedha zilifika kwa wakati. Katika kumi la mwisho zikakatika, na simu zetu zikawa hazipokelewi. Wanafunzi walikuwa wameshazoea kuja msikitini kufuturu, na wengine, tuseme ukweli, hawakuwa na pengine pa kula. Tukaamua kukopa. Nilikwenda mwenyewe kwa mama anayeuza chapati na chai karibu na geti letu, yule tunayemwita Hajjati ingawa Makka hajafika bado, nikamwomba aendelee kutuletea chapati, maharage na uji, nasi tutamlipa baada ya Idi. Hakusita. Hakuniomba karatasi, nami sikumpa. Kufikia siku ya Idi deni lilikuwa shilingi 840,000.

Baada ya Idi ikaja mitihani, kisha likizo, kisha uchaguzi wa jumuiya. Katika ripoti ya makabidhiano niliyoiandika kwa mkono wangu niliorodhesha sufuria, mikeka, spika mbili na kipaza sauti chenye waya mbovu. Deni la Hajjati sikuliandika. Sikukusudia kulificha. Niliona aibu kukabidhi deni, nikajiambia nitalitafutia njia kimya kimya. Mwaka ukapita. Mwezi wa Juni mwaka 2025 Hajjati aliufuata uongozi uliopo, akaambiwa kwa adabu kwamba deni hilo halimo katika kumbukumbu. Akanisubiri njiani nikitoka kwenye chumba cha mtihani. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, niliwakopesha nyinyi au niliikopesha jumuiya?"

Jioni ya wiki hiyohiyo nilikuwa kwenye teksi, redio inasoma muhtasari wa bajeti ya nchi iliyowasilishwa pale Kololo, tarehe 12 Juni. Bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 72.4. Mapato ya ndani yaliyotarajiwa, kodi na mengineyo, yalikuwa trilioni 37.2. Yaani katika kila shilingi mbili ambazo serikali ilipanga kutoa mwaka huo, shilingi moja hivi ndiyo iliyokuwa yake. Nyingine ilipangwa kutoka kwenye mikopo mipya, misaada na deni la zamani linalogeuzwa kuwa deni jipya. Kiasi cha trilioni 10 kiliwekwa kwa ajili ya kazi hiyo moja, kukopa ndani ya nchi ili kulipa kilichokopwa ndani ya nchi. Mwezi huo wa Juni ulipomalizika, deni lote la Uganda lilikuwa trilioni 116.2. Sensa ya mwaka 2024 ilituhesabu watu milioni 45.9. Nikafanya hesabu kwenye simu, kila kichwa kikapata zaidi ya milioni mbili na nusu, na hapo tunamhesabu mpaka mtoto aliyezaliwa usiku wa sensa yenyewe. Swali la Hajjati likanirudia. Waliokopeshwa ni wale waliotia saini, au ni sisi?

Tuanze na namna dini yetu inavyolitazama deni, maana naona tumelizoea mno. Sahaba Jabir (R.A.) amesimulia kwamba jeneza la mtu mmoja lililetwa mbele ya Mtume (S.A.W.) ili aliswalie. Akauliza kama marehemu anadaiwa. Akaambiwa anadaiwa dinari mbili. Mtume akarudi nyuma. Hakuswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) aliposimama na kuzichukua zile dinari mbili ziwe juu yake. Na kesho yake, katika mapokezi ya Imam Ahmad, Mtume alimfuata Abu Qatada kumuuliza kama ameshalipa, na alipopata jibu la ndiyo ndipo alipoeleza kwamba sasa maiti yule amepata nafuu. Dinari mbili, ndugu zangu. Mimi nina laki nane na arobaini, na mwaka mzima nimeswali safu ya mbele.

Lakini kisa hiki kina sehemu ya pili ambayo mara nyingi hatuisomi. Katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mwenyezi Mungu alipomfungulia Mtume riziki, na hazina ya Waislamu ikawa na kitu, utaratibu ulibadilika. Mtume (S.A.W.) akatangaza kwamba yeye ndiye aliye karibu zaidi na waumini kuliko nafsi zao, kwa hiyo akifa mtu na deni ambalo hakuacha cha kulilipia, deni hilo ni juu yake Mtume, na aliyeacha mali, mali ni ya warithi wake. Tazameni vizuri mambo yanavyokwenda hapo. Kiongozi wa dola anachukua madeni ya maskini na kuwaachia watoto wao mirathi yao. Na Qur'ani katika Sura At-Tawba, aya ya 60, imewaweka wenye madeni miongoni mwa makundi manane ya kupewa Zaka. Matumizi ya jamii ambayo leo wachumi wanayajadili kama kitu cha ziada, cha kufanywa pakibaki chenji, kwetu ni miongoni mwa kazi za kwanza za hazina.

Sasa geuzeni picha. Leo dola ndiyo inayokopa, na maskini ndiye anayesimama mbele ya jeneza na kusema deni hili ni juu yangu. Hakuna aliyemuuliza kama ataweza.

Bibi yangu yupo wilaya ya Yumbe, amevuka miaka themanini, naye hupokea ile ruzuku ya wazee ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Msicheke. Kwa bibi hiyo ni sukari, sabuni, na kitu kidogo cha kumpa mtoto wa jirani anayemchotea maji. Katiba yetu, ibara ya 160, inasema deni la umma linalipwa moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu wa Serikali. Mkopeshaji hasubiri Bunge lijadili kama mwaka huu alipwe au asilipwe. Yeye yuko mbele kwenye foleni. Dawa za zahanati, mshahara wa mwalimu na elfu ishirini na tano za bibi yangu vinapanga nyuma yake. Riba ikipanda foleni ya mbele inarefuka, na wale wa nyuma hakuna anayewaambia rasmi kwamba dirisha linafungwa.

Wapo watakaosema: basi dini imekataza nchi kukopa. Hapana, na ningekuwa mwongo nikisema hivyo. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikopa kwa ajili ya umma. Kabla ya Hunayn alichukua kwa Abdullah bin Abi Rabia makumi ya maelfu, Nasai amesema elfu arobaini, na aliporudi akamwita, akamlipa, akamuombea baraka katika jamaa na mali yake. Hospitali ya Yumbe ambako bibi alitibiwa mguu ilikarabatiwa kwa mikopo ya benki ya Kiarabu ya maendeleo ya Afrika, BADEA, pamoja na Mfuko wa Saudia na Mfuko wa OPEC. Siwezi kulala katika wodi iliyojengwa kwa mkopo kisha niamke nikisema mikopo yote ni laana. Bwawa la Karuma, megawati 600, limejengwa kwa mkopo wa China. Barabara ya kwenda Entebbe vilevile.

Maulamaa wetu walilitazama jambo hili kabla hakujakuwa na wizara ya fedha. Imam Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, katika kitabu chake Al-I'tisam, alipozungumzia hazina iliyokauka wakati wa dharura, alisema kiongozi anakopa pale tu ambapo kuna pato linalotarajiwa kuingia hazinani. Ikiwa hakuna pato la kungojwa, basi asikope, awatoze wenye uwezo kadiri ya haja. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Hakusema kiongozi akope kwa sababu kodi zinaudhi matajiri. Amesema kinyume chake.

Na pato gani tunalongoja sisi? Tunaambiwa mafuta. Yaligunduliwa Bonde la Albert mwaka 2006, wakati mimi ni mtoto mchanga. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022, na bomba la kilomita 1,443 linajengwa kwenda Tanga. Siyapuuzi hata kidogo. Ni neema ya Mwenyezi Mungu. Lakini tarehe ya pipa la kwanza imesogezwa zaidi ya mara moja, na madeni hayakusogea pamoja nayo. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu ndani ya swala na dhambi na deni. Alipoulizwa kwa nini anajikinga sana na deni, alieleza kwamba mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja. Mimi nimeyaonja haya. Nilimwambia Hajjati "wiki ijayo" mara ngapi? Siku moja nilipita njia ya nyuma ya hosteli ili asinione.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa umri wetu hawalijui, kwa kuwa lilitokea kabla hatujazaliwa. Deni hili si la kwanza. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupunguziwa deni chini ya mpango wa HIPC wa kuzisaidia nchi maskini zenye madeni makubwa, Aprili 1998, ikapunguziwa tena mwaka 2000, na kisha mwaka 2006. Qur'ani katika Al-Baqara 280 imeamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda, na imesema kumsamehe ni bora zaidi. Hata wasioiamini aya hiyo waliifanyia kazi kwetu. Na kwa kiasi fulani tuliitendea haki: serikali ilianzisha mfuko maalumu wa kupambana na umaskini, ule uliojulikana kama PAF, ili fedha zilizookolewa zielekezwe kwenye shule za msingi, afya, maji na barabara za vijijini. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imeanza mwaka 1997 na wanafunzi waliruka kutoka kama milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano. Mama yangu mdogo alirudi darasani mwaka huo. Mtu aliyesamehewa mara moja akarudi tena kwenye hali ileile, anapaswa angalau kuulizwa kilichomrudisha.

Sasa nije kwenye aya ambayo ndiyo kiini cha darsa lile. Al-Baqara 282, aya ndefu kuliko zote katika Kitabu. Haikuwa ya swala wala ya Hija. Ni ya deni. Sote tunajua inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Ustadhi wetu wa tafsiri alitusimamisha mahali pawili tunapopita haraka.

Pa kwanza: nani anamsomea mwandishi maneno ya mkataba? Aya inasema ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mdaiwa. Mkopeshaji ana nguvu tayari, ana mali mkononi. Kwa hiyo kalamu inafuata ulimi wa mdaiwa, ili asije akaamka siku moja na kukuta sharti ambalo hakulielewa.

Tulinganishe na Entebbe. Mwaka 2015 serikali ilisaini mkopo wa dola milioni 200 hivi na benki ya Exim ya China kwa ajili ya kupanua uwanja wa ndege. Novemba 2021 zikavuma habari kwamba China imeuchukua uwanja. Mtakumbuka tulivyozisambaza, hata makundi yetu ya WhatsApp ya Qur'ani hayakusalimika. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikakanusha, ubalozi wa China ukakanusha. Februari 2022 watafiti wa AidData wa Marekani wakauchapisha mkataba wenyewe. Uwanja haukuwekwa rehani. Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuchunguze habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, na sisi hatukuchunguza, tuombe maghufira. Lakini ndani ya mkataba uleule mlikuwa na masharti mazito: mapato ya uwanja kutanguliza ulipaji wa mkopo, akaunti maalumu ya kulinda fedha za mkopeshaji, na mgogoro ukitokea usuluhishwe Beijing. Kamati ya Bunge ilipouliza kuhusu mkopo huo, Waziri wa Fedha aliomba radhi. Miaka sita ilikuwa imeshapita tangu saini. Hapo ulimi ulikuwa wa nani?

Pa pili pananitisha zaidi. Aya inaendelea: ikiwa mdaiwa ni mpumbavu, au dhaifu, au hawezi kusema mwenyewe, basi walii wake aseme kwa niaba yake, kwa uadilifu. Wafasiri wamemtaja mtoto mdogo miongoni mwa hao dhaifu. Nani atalipa mkopo wa miaka ishirini unaosainiwa leo? Ni mtoto aliye darasa la pili pale Bwaise, na mwingine ambaye hajazaliwa. Hawa ndio wadaiwa wa kweli, na hawawezi kusema. Kwa hiyo waziri anayesaini, mbunge anayenyoosha mkono, hao ni mawalii wa yatima, na hukumu za mali ya yatima mnazijua. Katiba, ibara ya 159, imeweka kwamba serikali haikopi bila idhini ya Bunge. Mimi naiona ibara hiyo ni kama mashahidi wa aya. Shahidi anayeidhinisha mkopo bila kuusoma, tumwite nani? Na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimerudia mara kwa mara kwamba tunalipa ada kwa mikopo tuliyoisaini lakini hatujaitumia, kwa sababu ardhi haijapatikana au mradi haujawa tayari. Ni sawa na mimi kumlipa Hajjati kwa chapati ambazo sikumwambia aoke, ila nilimwambia asizime jiko.

Najua mlitarajia niseme riba kwanza. Ni haramu, aya zake kali mnazihifadhi, sina la kuongeza na mimi ni mwanafunzi, si mufti. Tumshukuru Mwenyezi Mungu kwamba tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 mlango wa benki za Kiislamu umefunguliwa, na Salaam Bank ilipewa leseni mwaka 2023. Zanzibar nayo imezindua sukuk yake mwaka 2025, na sioni kwa nini Kampala ishindwe. Lakini nawaombeni tusijifiche nyuma ya riba. Deni langu kwa Hajjati halikuwa na riba hata senti moja. Lilikuwa halali kabisa, na bado nilimdhulumu. Alichukua unga wa mkopo Kikuubo ili atuletee sisi, akashindwa kurudisha kwa wakati, yule muuzaji akakataa kumpa tena. Kwa muhula mzima alikuwa anakanda unga wa kilo chache anazonunua taslimu rejareja. Sukuk isiyosomwa na mtu, iliyosainiwa gizani kwa mradi usiokuwa tayari, itakuwa na jina la Kiarabu tu.

Nirudi kwa wale wadaiwa wasioweza kusema, maana kuna kiongozi aliyewahi kuwakumbuka. Iraq ilipofunguliwa, wapiganaji walitaka ile ardhi yenye rutuba ya Sawad igawanywe kati yao, na walikuwa na hoja, miongoni mwao walikuwamo Bilal na Zubayr (R.A.). Umar (R.A.) alikataa. Abu Yusuf ameandika mjadala ule katika Kitabul-Kharaj. Umar aliuliza wakigawana wote leo, watakaokuja baadaye watabaki na nini, wajane na yatima watalipwa na nini. Akashikilia ile aya ya Sura Al-Hashr inayowataja waliokuja baada yao, akaiacha ardhi iwe ya wote na kodi yake iingie hazinani mwaka hadi mwaka. Alikuwa na utajiri mkononi akawawekea watu ambao hakuwahi kuwaona. Sisi tunachukua kutoka kwa watu ambao hatujawaona. Na Umar huyohuyo, alipokuwa amelala na jeraha lililomuua, alimuuliza mwanawe Abdullah hesabu ya madeni yake. Ilikuwa kama elfu themanini na sita. Akamwagiza alipe kutoka mali ya jamaa ya Umar, isipotosha awaombe Banu Adiy, isipotosha awaombe Maquraishi, na asivuke hapo. Hazina ya Waislamu hakuitaja.

Ndugu mmoja siku ya darsa aliniambia mambo haya ni ya serikali, sisi wanafunzi hatukukopa na hatuna la kufanya. Nilimuuliza ananunua bando la intaneti? Mwaka 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku ili kuingia kwenye mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 ikageuzwa kuwa ushuru wa asilimia 12 ndani ya bando lenyewe. Sabuni unayofulia kanzu ina VAT ya asilimia 18. Unalipa tayari, kaka yangu, ila hujapewa risiti iliyoandikwa "deni". Wenzetu wa Kenya waliamka Juni 2024 kwa muswada wa fedha, damu ikamwagika Nairobi, na muswada ukaondolewa. Mimi siwaiti mtaani. Naita kwenye jambo ambalo linachosha zaidi. Vitabu vya bajeti vipo wazi kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha. Tuna wanafunzi wa uchumi, wa sheria na wa hesabu ndani ya jumuiya hii. Kila mkopo unaopelekwa Bungeni unaweza kusomwa na watu watano wakiwa na chai, kisha mbunge wa kila mmoja wetu akaandikiwa barua ya ukurasa mmoja: unakwenda kutumika wapi, masharti ni yapi, mradi uko tayari? Nimeongea na wanne mpaka sasa. Anatafutwa wa tano, ikiwezekana dada anayesoma uhasibu.

Lakini nilipokuwa nayaandaa haya nikaona siwezi kumwandikia mbunge kabla sijamaliza la kwangu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa sasa nikamweleza kwamba kosa ni langu, si la uongozi wake. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema deni la jumuiya halifi kwa kubadilisha mwenyekiti, twende tukaliandike. Tulikwenda watatu baada ya Asr. Nilimsomea katibu maneno mimi mdaiwa, kama aya ilivyosema: shilingi 840,000, chapati, maharage na uji, kumi la mwisho la Ramadhani 2024. Watu wawili wakashuhudia, mmoja wao fundi wa viatu anayekaa jirani na kibanda. Sisi wa kamati ya zamani tumeshachanga 310,000 na Hajjati amezipokea. Zimebaki 530,000. Daftari litakuwa mlangoni mwa msikiti kila Ijumaa, upande wa viatu, na jina la kwanza la kulaumiwa humo ni langu.

Hajjati aliichukua nakala yake, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kopo analowekea chenji. Kisha akauliza Ramadhani ijayo, hiyo ya Februari, tutataka chapati ngapi kwa siku. Nilikaa kimya. Mwenyekiti ndiye aliyemjibu kwamba safari hii tutamletea fedha kwanza, kisha tuhesabu chapati.